Chakula cha Timu ya Wageni

Mwanangu alipokuwa anacheza mbele, mimi nilikuwa naogopa miguu yake tu. Shule niliishia darasa la pili na sheria za mpira sizijui, lakini nilishaona kwamba anayefunga ndiye anayekanyagwa. Alianzia viwanja vya vumbi hapa Musoma, akaonekana kwenye mashindano ya shule kule Butiama, timu ya Mwanza ikamchukua, halafu ya Dar es Salaam. Waliocheza naye nawakumbuka wote kwa majina, wao na baba zao, hata wale waliokuwaga benchi tu. Hapa siwataji. Wenyewe wapo na hawajaniruhusu.

Mechi zake nilikuwa nasikilizia mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mtangazaji akilipaza jina lake natoka kabisa, kelele zikiisha ndiyo nauliza waliobaki na redio, "Kafunga au kaumia?" Siku moja wakanijibu kaumia. Goti. Wakampasua, akarudi uwanjani, wakampasua tena. Akaenda kusomea ukocha na timu moja ya Bunda ikamchukua.

Nilimshukuru Mungu kanisani. Nikasema sasa atakaa kwenye benchi, na benchi halivunji mtu goti. Nilikuwa sijui kitu.

Msimu wake wa kwanza timu yake ilikuwa mkiani, na mechi mbili tu zimebaki. Ya kwanza ilikuwa hapa Musoma, na timu ileile aliyoichezea akiwa kijana. Mwigobero, ninapouzia dagaa, wenzangu hawakunipa nafasi ya kupumua.

"Mama Kocha, Jumamosi unashangilia wapi?"

"Nashangilia mtoto arudi mzima."

"Basi mwambie afungwe, atarudi mzima!"

Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini aliyesema hivyo wanawe nawajua. Waliwahi kumtupia mwamuzi mawe mpaka polisi wakapiga mabomu ya machozi.

Jioni mwanangu akapiga simu. "Mama, Jumamosi nakuletea vijana wale kwako kabla ya mechi."

Nilitafuta pa kukaa. Timu ikisafiri hailagi chakula cha mji wa watu. Inabeba maji yake, mpishi wake, hata chumvi. Na kila timu ina wazee wanaoitwa kamati ya ufundi, ambao hawafundishi mpira. Kazi yao ni mambo ya dawa. Ndio wanaosema basi lipite njia gani, wachezaji waingie getini au waruke ukuta. Hao wakisikia timu imekula kwa mwanamke wa Musoma, itakuwaje?

"Mwanangu, watu wako watasemaje?"

"Watasema. Lakini vijana wangu wanaogopa hata maji ya bomba, Mama. Mtu anayeogopa maji atafungaje goli? Nataka wakae kwenye mkeka wako wale kama watu."

"Na mmoja akiumwa tumbo?"

"Si unapika wewe mwenyewe?"

Alisema kwa wepesi, kama ananiagiza uji.

Jumamosi alfajiri niliwafuata sato kwenye mtumbwi, nikachagua wenye mashavu mekundu, nikamsimamia anayewaparua mpaka akamaliza. Maji niliteka mwenyewe. Jirani yangu akaja kuomba moto. Tumezikiana waume na yule mama. Nilimkimbilia njiani asifike jikoni, nikampelekea kaa la moto huko huko, na nikajikuta naangalia mikono yake imeshika nini. Aliona kwamba naangalia. Akabeba kaa lake, akaenda zake.

Vijana wakafika kwangu Iringo, wakaketi uani. Nikaweka ugali wa muhogo na mtama, nikaweka samaki. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee wa kamati yao alikuwa amesimama mlangoni, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Bibi. Usituelewe vibaya, vijana wameshiba."

"Marahaba. Wameshibia wapi, kwenye basi?"

Wawili watatu wakacheka chini chini. Nikamega kila sinia, nikala mbele yao nikiwa nimesimama. Mwanangu akanawa, akala. Wengine wakamwangalia tu. Ndipo mshambuliaji wao, mrefu, mwenye jezi namba tisa kama aliyokuwaga nayo mwanangu, akasogea.

"Bibi, nipe hicho kichwa. Kama ni kufa, nife nimeshiba."

Wenzake waliangua kicheko. Akala kichwa, akala mkia, akaomba mchuzi. Wachache wakamfuata, wengi wakabaki na chupa zao za maji.

Mechi sikwenda. Musoma walipata goli mapema. Karibu na mwisho redio ikasema Bunda wamepata penalti, na anayepiga ni namba tisa. Nikatoka nje. Kelele iliyofuata ilikuwa ya watu wa mji wetu, nikajua amekosa.

Muda si mrefu mashabiki wa Bunda wakawa wanapita barabarani wanapiga kelele. "Kalishwa! Mama wa kocha kamlisha!" Simu ya mwanangu ikawa inaita tu. Nilijifunga kanga, nikaenda uwanjani, na njia nzima nilikuwa nasema moyoni kwamba watamuua kwa ajili ya samaki wangu.

Walikuwa wameuzunguka mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Si watu wa Musoma, ni wa kwake mwenyewe. Jiwe likapiga bati. Namba tisa akatoka, jezi imemganda mgongoni, akapanda juu ya ndoo.

"Nimekosa mimi! Mguu wangu!"

"Wewe si ndiye uliyekula?"

"Nimekula! Na walioogopa kula mbona walichoka kabla yangu?"

Mmoja akacheka, na wengine wakamcheka yule aliyecheka. Jiwe jingine likaja hata hivyo, likampasua kijana juu ya jicho. Polisi wakaingia, wakamtoa mwanangu katikati yao. Aliniona. Akanipungia mkono niende nyumbani.

Kesho yake walikuja kwangu, yeye na yule mzee. Uongozi umekubali abaki, mzee akasema, kwa sharti moja. Aseme redioni kwamba alikosea kuwalisha wachezaji kwa mama yake, na asikanyage kwangu mpaka msimu uishe.

"Kubali," nikamwambia. "Kubali, mwanangu, yaishe."

Akatikisa kichwa. "Nikisema hivyo, Mama, Mwigobero utamuuzia nani? Nani atanunua dagaa kwa mtu aliyetajwa redioni?"

Hilo sikuwa nimeliwaza.

Akamgeukia mzee. "Mechi ya mwisho mama atapika tena. Bunda, kambini, mkimwangalia. Kama hamtaki, tafuteni kocha mwingine."

Mzee alivua kofia, akaivaa. Timu ya mkiani, imebaki mechi moja, nani angeipokea? Wakakubali.

Nilikwenda Bunda. Sufuria ilikuwa yao, unga wao, maji yao, na mzee alikaa kwenye kigoda karibu na jiko asubuhi yote. Sikuomba washinde. Niliomba matumbo yao yatulie. Namba tisa alikuja wa kwanza, ana plasta juu ya jicho.

"Bibi, kichwa changu kiko wapi?"

Nyuma yake wakaja wale waliokataa Musoma. Mwisho nikampa sahani mzee. Akaiangalia sana, akamwangalia mwanangu, akanawa mikono.

Basi likaondoka kwenda uwanjani. Vyombo sikuviosha. Nilivifunika, nikakaa pembeni yavyo, ili mtu akirudi na neno nile makombo mbele ya macho yake. Waliporudi walikuwa wanaimba, na sikuuliza magoli. Nilisimama mlangoni mwa basi nikiwaangalia nyuso mmoja mmoja wakishuka, namba tisa, mzee, wote, mpaka mwanangu akashuka wa mwisho, anachechemea kwa goti lake lile la zamani, mzima. Ndipo nikaomba maji ya kuoshea sufuria.