Mwosha wa Meno ya Mama

Hapa kwetu Ishiara mama alisifiwa meno. Wanawake wa kanisa walisema ameyatunza kwa kuwa alilelewa kwa mtama, si kwa mkate wa dukani, naye akatabasamu tu. Haki, mama alijua kunyamaza! Yote yalikuwa ya bandia, juu na chini. Baba alikuwa ameshakufa, na mtu pekee aliyejua ni mimi, niliyempeleka Embu kupimwa.

Kila jioni, tukishakula, alinifuata jikoni akafunga mlango. Niliweka karai la maji chini ya mikono yangu, ili meno yakiniponyoka yaangukie maji na si sementi. Niliyasugua kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, kwa maji ya uvuguvugu tu, maana maji moto huyapinda. Kisha yalilala kwenye kikombe cha buluu chenye kifuniko. Kuanzia hapo mama hakuongea na mtu mpaka asubuhi. Mgeni akibisha, nilijibu mimi. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha," aliniambia. "Wewe ndiye mwosha wangu." Nilimcheka, nikamwambia anajizika mapema.

Akaugua mapafu, tukamlaza hospitali mjini Embu. Asubuhi moja nilimkuta amejifunika leso mpaka puani. Wauguzi walikuwa wameyatoa meno ili wamvalishe barakoa ya oksijeni, wakayafunga kwa tishu, wakayaweka kwenye sinia ya chakula, na sinia ikaenda na mabaki. Niligomba mpaka sauti ikanikauka. Nilichakura mapipa yao kwa mikono, kwenye maganda ya ndizi na uji uliochacha, nikijua kabisa kwamba siyapati. Fundi wa meno naye akasema kutengeneza mengine lazima apime kinywa, na mgonjwa anayehema vile hawezi kung'ata ule udongo wa kupimia.

Mama aliacha kula. Wenzake wa kanisa walipokuja na chupa za uji, aligeukia ukuta, nao wakaondoka wamenuna, wakisema ana kiburi hata kitandani. Maneno yake yalikuwa yamelegea, lakini hili nililisikia vizuri: "Wasinione." Nikamwahidi. Alikufa na leso ikiwa puani.

Mochari nilimwomba mhudumu, "Kaka, mrudishie uso wake." Akamjaza pamba mashavuni na nyuma ya midomo. Alijitahidi, simlaumu, lakini ile pamba ilimpa mama mdomo wa mtu mwingine. Nikaamua jeneza halifunguliwi.

Sasa kwetu marehemu huagwa kwa macho. Siku ya mazishi mjomba, kaka yake mkubwa, alisimama mbele ya waombolezaji akasema, "Mwanangu, dada yangu nitamwona. Unaficha nini?" Tukarushiana maneno, pasta akitazama chini. Mwishowe nilichoka. Haya mjomba, nikasema, lakini wewe peke yako. Nikafungua kile kidirisha cha jeneza. Aliinama, akatazama, akatazama tena. Kisha akainuka na kupaza sauti:

"Huyu si dada yangu! Mochari wametupa maiti ya watu!"

Jamani! Boma zima lilisimama. Vijana waliokuwa kaburini waliacha majembe yao wakaja mbio. Mmoja akataka turudi Embu, mwingine tuite polisi. Mjomba alikuwa analia kweli, anauliza dada yake yuko wapi. Nilimshika mkono nikamnong'oneza, hakunisikia. Nilimchukia wakati ule, na nilimwonea huruma pia. Ikabidi niseme kwa sauti, mbele ya kanisa na soko zima.

"Ni yeye. Hakuwa na meno. Yale mliyokuwa mkimsifia yalikuwa ya kununua, na yamepotea hospitali."

Mjomba akajipangusa macho, akasema basi kila mtu aje amtazame, tusije tukazika mtu tusiyemjua.

Wakapanga foleni. Wanawake wa zile chupa za uji walitangulia. Waliofuata waliinua watoto wao, nao wakachungulia. Mimi nilisimama kichwani pake na leso yake mkononi, na kila nilipotaka kumfunika, mjomba alinishika mkono.

"Bado," alisema. "Kuna wengine."