Siku ya Kupumzika Moiben

Mume wangu alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akang'oa rafu, akatia kitanda, meza ya kukunja na stovu ya mafuta taa. Alikuwa makanika, aliyetoka kule ziwani kutafuta kazi Eldoret. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Likizo ya Agosti tukaamua kwenda Moiben, tulale siku mbili kando ya bwawa, tupumzike tu.

Yeye alipumzika. Mimi nilishindwa. Muhula uliotangulia, mwalimu mwenzangu alichukuliwa darasani na wanaume wawili waliovaa suti. Tulisikia ni mambo ya karatasi zilizopigwa marufuku na serikali. Karatasi gani, hakuna aliyethubutu kuuliza. Tangu siku hiyo nilikuwa nikichoma hata barua za dada yangu.

Tulinunua maziwa kwa mama mmoja aliyetoka kukamua, tukachemsha chai, tukachoma mahindi. Mume wangu akavua viatu, akajinyoosha kwenye nyasi. Kila baiskeli ilipopita barabarani, niliinua kichwa.

"Mwalimu, tulia," alisema bila kufumbua macho. "Utatisha ng'ombe za watu."

Saa tisa hivi, baiskeli moja haikupita. Mwanamume mwenye koti la kaki aliiegemeza kwenye ua, akasema yeye ni naibu wa chifu, akaomba vitambulisho. Akalizunguka gari letu polepole.

"Hii ni nyumba ama ni gari?"

"Ni gari, Mzee," mume wangu alijibu, sasa amesimama pekupeku. "Lakini ndani kuna kitanda kidogo."

Naibu akapanda ndani. Kitandani nilikuwa nimeacha mitihani ya darasa la saba niliyobeba kusahihisha, karatasi zilizochapwa kwa stensili, wino umevujavuja.

"Na hizi ni karatasi za nini?"

"Za mtihani, Mzee. Mimi ni mwalimu."

Alichukua moja, akashuka nayo kwenye mwanga, akaisoma huku midomo ikicheza. Aliigeuza. Akarudi upande wa kwanza. Kisha akasoma kwa sauti: "Taja kazi tatu za chifu." Akanitazama. "Huyu mtoto ameandika mbili tu. Ya tatu ni gani?"

Swali nilitunga mwenyewe, na jibu sikulikumbuka.

"Kujua wageni wamelala wapi," akajibu mwenyewe. "Sasa hapa hamtalala. Kesho kuna baraza, wakubwa wanakuja. Wakikuta gari hawaijui, ni mimi nitaulizwa." Akanirudishia ile karatasi.

Tulifungasha haraka, chai ikabaki kwenye sufuria. Mume wangu alitaka twende Kesses, kwa binamu yake aliyepanga chumba huko. Nikakataa, giza lingetukuta njiani, na sikutaka kusimamishwa tena. Nyumbani pia niliogopa kurudi, kwa kuwa alishaona vitambulisho vyetu. Nilimwambia twende Kimumu, karibu na mji, kwa mama mwenye duka aliyetoka kwetu na anayemjua mama yangu.

Tulifika jua halijatua. Alikuwa mlangoni akipepeta maharagwe.

"Kwani nyumba yenu huko mjini imeungua?"

"Hapana, Mama. Tunatafuta tu pa kuegesha."

Alifungua geti, akafukuza kuku, tukaegesha kando ya rundo la kuni. Alituletea githeri ya mahindi na maharagwe kwenye sahani ya bati, akasimama pale mpaka tukaimaliza.

Asubuhi, tukinawa uso, mume wangu akasema, "Jana yule mzee akisoma, nilikuwa nachagua ni ndugu yangu yupi nitamwambia akuje kuchukua gari tukishikwa."

Nilibaki na maji mikononi. Siku nzima ya jana nilikuwa nimedhani naogopa peke yangu.

Hatukuondoka siku hiyo. Yeye alinyoosha bawaba za mlango wa duka uliokuwa ukikwama, nami nikasaidia kupima sukari. Mchana mvua ilipoanza niliingia garini, nikalala mpaka jioni.