Sukari ya Baba Yangu

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Kabla wakimbizi hawajaja, alibeba mihogo na ndizi kutoka vijijini hadi sokoni Mwandiga, na kazi yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Kuna wiki alishinda nyumbani kwetu Ujiji akifungua na kufunga injini ileile. Tulikula ugali wa muhogo, dagaa, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na mgebuka siku ambayo mama, aliyekuwa akiuza samaki ufukweni Katonga, alibakiwa na wachache. Chai ilikuwa ya asubuhi tu, na sukari aliitia mama mwenyewe. Baba alikuwa mwembamba, mwepesi wa kutembea.

Vita vya ng'ambo ya mpaka vilipowaka na maboti yakaanza kushusha watu ufukweni mwa ziwa, baba akapata kazi ya kudumu ya kupeleka chakula makambini. Kwa mara ya kwanza alikuwa na mshahara wa kila mwezi. Tulifurahi sana. Sikufikiria wakati ule kwamba furaha yetu ilitokana na msiba wa wenzetu.

Mmoja wa watu hao alikuja kuishi kwetu. Mama alimkuta Katonga amekaa kando ya vichanja vya dagaa, mjamzito wa miezi minane, mikono imekonda hadi bangili ilikuwa ikimpanda kiwikoni. Mume wake alipotelea njiani. Walikuwa wametembea majuma kadhaa wakila mizizi na matunda mabichi kabla ya yeye kupata boti. Mama ni Muha, kwa hiyo Kiha chake na Kirundi cha yule mgeni vilielewana bila shida, na jioni ile akaja naye nyumbani. Mimi niliambiwa nimwite mama mdogo.

Alijifungua mtoto wa kike katika chumba changu. Mkunga alimwinua kwa kiganja kimoja akasema hazidi pakiti mbili za unga za kilo moja moja. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilimpenda mtoto yule kupita kiasi. Alipoanza uji, mama yake alitaka apewe mtupu, au wenye dagaa waliosagwa. Mtoto akawa anautema. Mimi niliona huo ni unyonge wa watu waliotoka kwenye njaa, hawajui kwamba sasa sukari ipo. Mama mdogo akienda kuchota maji, nilitia vijiko viwili, vitatu, mtoto akanywa hadi akalamba bakuli. Kabla hajatimiza mwaka alikuwa amejaa mashavu, mikono ina mikunjo. Majirani walimsifu, nami nilizipokea sifa zile kana kwamba ni zangu.

Mama alikuwa Katonga kutwa, hivyo mama mdogo ndiye aliyepika. Alikuwa na mkono wa kisamvu. Alikitwanga, akakichemsha muda mrefu, akamalizia kwa mawese na karanga. Siku moja baba alikuja na madereva wenzake wawili wakakikuta hicho, na ugali wa muhogo. Walikula, wakashukuru. Walipoondoka baba aliniita.

"Mwambie mama yako mdogo nyumba hii si kambi," alisema.

Angeweza kumwambia mwenyewe, lakini alimstahi. Mimi sikumstahi. Nilimfikishia ujumbe na kuongeza wa kwangu, kwamba wenzangu shuleni wakija wananicheka kwa harufu ya majani. Alisema tu, "Sawa, mwanangu," akaenda kuosha kinu, na sikukisikia tena kikitwangwa.

Kuanzia hapo tukala wali mweupe, chapati za mafuta, nyama karibu kila siku. Soda zilikaa kwenye ndoo ya maji ili zipoe. Baba alikunywa chai mara nne au tano kwa siku, kila kikombe vijiko vinne. Hakutembea tena, kwa kuwa lori lilimshusha mlangoni. Kitambi kikaota, naye akakifurahia, kwa sababu hapa kwetu mtu mwenye kitambi alihesabiwa kuwa mambo yake yamenyooka. Alitoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, mbele yetu, huku akicheka.

Kisha sisimizi wakaja. Baba alikuwa na tabia ya kukojoa nyuma ya choo, kwenye ukuta, na sasa alikwenda huko mara nyingi. Asubuhi moja nilikuwa nikifagia uani, mama mdogo akanigusa bega akanionyesha. Walikuwa wamejipanga kutoka kwenye msingi wa nyumba hadi pale ukutani, mstari mweusi mnene.

"Kwetu tukiona hivi tunampeleka mtu hospitali," aliniambia. "Mwambie mama yako. Mimi siwezi kulisema la baba mwenye nyumba."

Nilimwambia nitasema. Sikusema. Ningeanzaje, msichana wa umri ule, kuzungumzia mkojo wa baba yangu? Nikachota majivu jikoni nikamwaga, sisimizi wakatawanyika. Walirudi, nikamwaga tena. Nilifanya hivyo kwa miezi, na mama aliponisifu kwa kuweka ua safi, sikumwambia majivu yale yalikuwa ya nini.

Mtoto alipokuwa na miaka minne, ikatangazwa kwamba wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mjini waende makambini. Mama mdogo alifunga kitenge chake, akambeba binti yake, baba akawapeleka kwa lori lake. Baadaye tukasikia wamerudi kwao.

Baba alikanyaga msumari akiwa gereji. Hakuuhisi. Aliuona jioni alipovua kiatu na kukuta soksi imelowa damu. Kidonda hakikupona, na alipokubali kwenda hospitali, kidole cha mguu kilikuwa kimeshaoza. Daktari alituuliza kama hatukuona dalili: kiu, kukonda ghafla, kwenda haja ndogo mara kwa mara, sisimizi. Mama alisema hapana, hatukuona. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Daktari akasema kisukari hiki huenda kimekaa mwilini miaka mingi, na kingejulikana mapema pengine mguu ungesalimika. Walimkata chini ya goti.

Mngedhani hapo nilijifunza. Mama alifuata alichoambiwa, akarudisha maharage, mboga za majani, samaki wa kuchemsha, ugali wa kupima. Sukari akaifungia kabatini. Lakini mchana nilibaki mimi na baba, na mtu aliyekuwa akiendesha lori sasa alikaa kwenye kiti akitazama barabara.

"Mwanangu, nimebakiza nini?" aliniuliza siku moja, ameshika kikombe cha chai ya rangi isiyo na kitu. "Niwekee kidogo tu."

Nikamwekea. Nilinunua sukari ya kwangu nikaificha ndani ya begi langu la zamani la shule. Nilijiambia huo ni upendo. Baada ya miaka miwili figo zilichoka, na baba akafariki akiwa hajatimiza hamsini.

Miaka ikapita, mimi nikaolewa, nikazaa, nikanenepa. Nilipopimwa, sukari yangu ilikuwa imeanza kupanda, nikaandikiwa kuhudhuria kliniki. Huko ndiko nilikomwona mama mdogo, amekaa kwenye benchi, mwembamba vilevile, mvi zimemjaa. Vurugu nyingine za kwao zilikuwa zimewarudisha kambini, na kambi ndiyo iliyowatuma hospitali. Pembeni yake alikaa mwanamke kijana, mnene, mjamzito. Nilimwamkia mama mdogo shikamoo, akanitazama kwa muda, kisha akanikumbatia.

Binti yake alikuwa na kisukari cha mimba. Muuguzi alikuwa amewaeleza kwamba mtoto aliyebanwa na njaa tumboni mwili wake hujizoeza kuweka akiba, na akinenepa upesi baada ya kuzaliwa, sukari huwa jirani naye maisha yote. Si lazima impate, alisema, lakini yuko karibu nayo kuliko wengine.

Binti alipoitwa ndani, nilimweleza mama mdogo yote: majivu, begi la shule, uji.

"Uji nilijua," alisema. "Kijiko kilikuwa kinanata. Lakini tulikuwa tunakula kwenu. Ningekukataza kwa mdomo gani?"

Nikamwomba msamaha. Alisema njaa ya njiani ilikuwa imeshamfikia mwanawe kabla yangu, kwamba mimi nilikuwa mtoto, kwamba hata yeye alifurahi kumwona amenona. "Ila la baba yako ungelisema," aliongeza, bila ukali.

Walimlaza binti majuma matatu ya mwisho ili wamwangalie. Nilikuwa nikimpelekea chakula: mgebuka wa kuchemsha, mboga ya lengalenga, maharage, ugali mdogo. Mwanzoni aliacha nusu na kuniuliza kama naweza kumletea soda. Nilimwambia hapana, na iliniwia vigumu kusema hivyo kwa jinsi alivyokunja uso. Alijifungua mvulana kwa upasuaji. Daktari alisema wote wawili watapimwa mara kwa mara, mama kwa maisha yake yote. Siku ya kuruhusiwa, nilitembea nao hadi kwenye gari la kambi, nikamwandikia binti kwenye karatasi mambo ambayo mimi niliambiwa nikachelewa kuyashika. Aliikunja, akaitia kwenye kanga aliyomfungia mtoto, gari likaondoka.