Njegere Alizoziacha Mumewe

Mumewe alifariki wiki tatu baada ya kupanda njegere. Alikuwa fundi umeme mstaafu, na tangu aache kazi akili yake yote ilikuwa kwenye bustani ya nyuma ya nyumba: mistari minne, na vijiti alivyovichomeka mwenyewe ili mimea ipate pa kupandia. Kila asubuhi alishuka bombani akarudi na ndoo mbili, moja kila mkono.

Mkewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, hakuwahi kung'oa hata gugu moja. Miaka thelathini ya kukanyaga cherehani ilikuwa imemwachia mgongo mbovu. Msiba ulipokwisha na watu kutawanyika, alifungua mlango wa nyuma akakuta miche imelegea na udongo umepasuka.

Aliyebaki naye nyumbani ni wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke wa maneno machache na makali. Huyo alimshauri azing'oe tu njegere hizo, kwani mvua haikuwa na dalili na mwenye bustani hayupo tena. Mama Pindo hakubisha, lakini kesho yake alishuka bombani na ndoo nusu. Siku ya tatu mgongo ukagoma, akashinda amelala chali.

Alipoweza kuinuka, aliona wifi alisema kweli. Akaanza kusafisha, kwanza kwa kuondoa rundo la nyasi kavu ambazo mumewe alizifyeka na kuziacha pembeni. Chini ya rundo udongo ulikuwa mweusi, wa baridi, ukishikana kiganjani. Hatua mbili kutoka pale ulikuwa vumbi tupu. Akachuchumaa akiutazama, kisha akazisogeza zile nyasi, konzi kwa konzi, hadi kwenye mistari ya njegere.

Wifi alimkuta anazisawazisha kwa kiganja, kama mtu anayenyoosha kitambaa mezani.

"Umezitandikia kitanda?"

"Nimezitandikia."

"Basi uzifunike na shuka, zisipigwe na baridi."

Mama Pindo alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Lakini alikuwa ameharakisha. Nyasi alizibananisha mpaka kwenye mashina, na baada ya siku chache miche sita ikaoza chini. Iliyooza akaitupa, kwa iliyobaki akaacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka kila shina, na palipopungua nyasi akaongeza majani makavu yaliyofagiliwa uani. Sasa nusu ndoo ya maji, aliyoichota kidogo kidogo kwa jagi, ilitosha siku tatu au nne. Kila alipoingiza kidole chini ya nyasi, kilitoka na unyevu.

Njegere zikashika vijiti, zikatoa maua meupe, kisha maganda. Hazikuwa nyingi, lakini siku ya kuchuma karai lilijaa. Wajane wengine wa mtaani walipita kuchungulia, wakaondoka wanaulizana nyasi watazipata wapi.

Jioni hiyo yeye na wifi walikaa mlangoni wakimenya, karai katikati. Wifi alimenya haraka, macho chini.

"Wifi, nilikwambia uzing'oe."

"Uliniambia."

"Si kwa sababu ya mvua. Nilikuwa siwezi kuziangalia. Kila nikifungua dirisha namwona kaka yangu ameinama pale."

Mama Pindo aliacha kumenya. Siku zote hizo alidhani wifi yake ana moyo mgumu, kwa kuwa hata makaburini hakumwona akitoa chozi. Sasa machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye maganda, naye hakujisumbua kuyafuta.

"Na mimi namwona," alisema. "Ndiyo maana mkono wangu ulikataa kuzing'oa."

Akamsogelea, wakakaa bega kwa bega wakamaliza karai lile. Maganda yaliyokaukia kwenye mimea waliyaweka kando kwa ajili ya mbegu. Wifi ndiye aliyezifunga mbegu hizo kwenye kitambaa, akasema kwamba msimu ujao ndoo atabeba yeye.