Kalamu Nyekundu Siku ya Akina Mama

Mwalimu wa darasa la kwanza hafungui kalamu kwa mkono. Huking'oa kifuniko kwa meno, akakibana pembeni mwa mdomo na kuendelea kufundisha kikiwa hapo hapo. Kalamu ni nyekundu, na hakuna karatasi iliyowahi kupita mbele yake ikabaki salama. Hata sherehe ya wanafunzi na mama zao, aliyoipanga mwenyewe na kuipulizia maputo mpaka mashavu yakamuuma, haikunusurika: kadi ambazo watoto waliwachorea mama zao alikuwa amezisahihisha zote, akazitia na alama.

Akina mama, magoti yamewafika kidevuni kwenye vile viti vidogo, wakaanza kuchunguliana kadi. "Mimi nane!" "Mie tisa, shoga!" Nyuma kabisa akainuka fundi cherehani, kiti kimemng'ang'ania makalioni. "Mwalimu, yaani mwanangu ananipenda nne kwa kumi?" Sauti ilianza kwa mzaha, ikaishia kwingine. Vicheko vikakoma. Mwalimu akaichukua kadi, akaiinamia. "Mama, hapa umechorwa mikono mitatu."

"Wa kushonea, wa kupikia," binti wa fundi akadakia, "na wa kunishika mimi."

Kifuniko kikamponyoka mwalimu mdomoni, kikabiringika chini ya madawati, wala hakukifuata. Akaikata ile nne, akaandika kumi, kubwa, mpaka karatasi ikatoboka. Kisha, kwa kuwa mazoea yana taabu, akaongeza chini yake: Mwandiko uboreshwe.