Sikuirudisha Ruta ya Kabuku

Mkuu wangu wa kazi alinikataza mara nyingi kuigusa ruta ya Kabuku, kifaa kinachoelekeza mawasiliano ya kompyuta. "Mtandao ni mmoja," alisema. "Ruta zote zijue njia zote. Ukianza kuzifichia baadhi, siku moja utapotea humo humo."

Lakini wagonjwa wakisubiri, aliyepigiwa simu nilikuwa mimi, si yeye. Tulikuwa tunaunganisha zahanati za Korogwe na Handeni, mitambo mikuu ikiwa ofisini kwetu Kilole, mjini Korogwe. Ruta ya Kabuku ilikuwa kuukuu, yenye kumbukumbu ndogo. Kila mvua ilipokata mawasiliano ya Kwashemshi kule milimani, habari zilisambaa kwa ruta zote: njia ile imekufa, baada ya muda, njia ile imerudi. Nyingine zilipiga hesabu upya zikaendelea na kazi. Ya Kabuku iliganda. Hapo muuguzi mkuu wa zahanati, mama wa Kizigua mtu mzima, akawaambia wagonjwa wakae kwenye benchi kwa kuwa kadi zao hazifunguki kwenye kompyuta. Kabuku jua linawaka, na watu wamekwama kwa mvua ya Kwashemshi. Jambo hilo lilinikera hata ndotoni.

Nilitaka Kabuku iwe eneo lililofungwa. Ruta ya eneo la namna hiyo haipelekewi habari za njia za mbali. Inaambiwa jambo moja tu: usichokijua kilete Korogwe, Korogwe itajua pa kukipeleka. Nilibishana na mkuu mpaka akachoka.

"Haya, nenda," akasema. "Ikiharibika unairudisha kama ilivyokuwa, na sitaki kusikia habari hiyo tena."

Nikaenda. Mimi niliweka mpangilio huo upande wa Kabuku, yeye akaweka upande wa Korogwe, kwa sababu ncha mbili zisipowekewa aina moja ya eneo, ruta hazitambuani kabisa. Ikakubali. Kadi zikaanza kufunguka haraka kuliko nilivyowahi kuona pale. Nilikuwa nakunja nyaya zangu muuguzi alipotokea mlangoni.

"Mwanangu, majibu ya maabara hayaonekani."

Maabara ile ilikuwa ng'ambo ya barabara, ya watu wengine, yenye mtandao wake, na majibu yake yalipita kwenye ruta ya Kabuku kwenda kuhifadhiwa Korogwe. Eneo lililofungwa halitangazi mgeni yeyote, yaani mtandao wa nje, hata aliyeingia kwa mlango wa eneo lenyewe. Sasa Korogwe haikujua tena kama maabara ipo duniani.

Nikampigia mkuu.

"Nilikuambia," akasema, na nilisikia alivyofurahi. "Rudisha."

"Sirudishi."

"Umesemaje?"

"Sirudishi, mkuu. Kuna aina nyingine. Eneo linabaki limefungwa kwa habari za mbali, ila linaruhusiwa kutangaza wageni wake. Huku nimeshaiweka. Weka na huko."

"Umeshaiweka? Kwa ruhusa ya nani?"

Kwa kuwa ncha zilikuwa zimetofautiana, Kabuku ilikuwa imekatika yote, kadi na majibu, na ingebaki hivyo mpaka mmoja wetu akubali. Lakini nilikuwa nimechoka kuambiwa nirudishe kitu kwenye ubovu wake eti kwa sababu ubovu huo tumeuzoea.

Muuguzi alinyoosha mkono akaichukua simu. Nilimsikia mkuu, sauti imelainika ghafla: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sijui mnabishania nini, na usinieleze. Huyu binti yuko hapa na mimi, wewe uko huko. Akirudisha, mvua ikinyesha milimani nitakaa tena na wagonjwa kwenye benchi?"

Mkuu akakiri kwamba ndivyo.

"Basi fanya anachokuambia. Kikishindikana nitamfukuza mwenyewe."

Akanirudishia simu. Upande wa pili nilisikia vitufe vikigongwa kwa hasira. Kwenye kompyuta yangu ruta mbili zikatambuana, na njia ya maabara ikaorodheshwa Korogwe. Muuguzi akafungua majibu ya damu ya mama mjamzito aliyekuwa akisubiri tangu asubuhi, akaenda kumwita.

Niliporudi Kilole, mkuu alinisema mbele ya wenzangu kwamba nimembana ukutani. Nikamwambia ni kweli, nilimbana. Nikaomba niifanyie hivyo na ruta ya Handeni, akasema sitaigusa. Nikasema nitamuuliza tena kesho, na nikamuuliza, na kesho yake pia, mpaka wenzangu wakawa wanacheka nikisimama tu.

Masika ilipoanza, ruta ya Handeni ikaganda kama ile ya Kabuku ilivyokuwa ikiganda. Mkuu alikuja mezani kwangu akiwa na funguo za gari.

"Ukishaiweka," akasema, "inaweza kurudishwa ilivyokuwa?"

"Inaweza," nikamjibu, nikazichukua funguo. "Ila utamtafuta mtu mwingine wa kuirudisha."