Mbuzi Aliyekuja kwa Mama

Nakumbuka Jumapili moja ya mvua, mwanangu, wakati mimi bado ni kijana wa kubeba mfuko wa saruji begani na kuupandisha kwenye lori bila kuguna. Nilikuwa kibarua kiwandani kule Hima, na siku hiyo nilikuja hapa Bwera kumchukua mama yangu, bibi yako, ili nikaishi naye kule.

Najua na wewe umekuja leo na gari kunihamishia Kasese mjini. Sikulaumu. Umeniuliza pia yule mbuzi mweusi aliyefungwa nyuma ya jiko ni wa nani, kwa sababu mbuzi wangu wote unawajua. Nitakujibu, ila kaa kwanza unywe kahawa, maana jibu lake lilianza Jumapili ile.

Baba yangu alikuwa ameshafariki, na sisi watoto tulikuwa tumetawanyika kutafuta kazi. Mama alibaki peke yake kwenye kilima hiki, na kahawa yake, na mihogo yake, na mbuzi. Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya bonde. Basi nikajiona mwana mwema kuliko wote. Nilipanga chumba kikubwa zaidi kule Hima, nikanunua na godoro. Mama mwenyewe sikumwuliza. Kijana akishapata mshahara, mwanangu, hudhani anajua haja za kila mtu.

Nilikuwa uani nafunga sufuria zake kwenye gunia, nikaona mzee anapanda kilima taratibu, amevaa koti la kanisani, anavuta beberu mwekundu. Nilimfahamu. Alikuwa Kambale, mtu aliyefiwa na mkewe, wa kutoka Butembo ng'ambo ya mpaka, aliyekimbia vita kwao akapanga chumba Mpondwe, hapo chini mpakani, na kuuza maharagwe sokoni. Wanande wa kule na sisi Wakonzo ni ndugu, mto tu ndio uliopita katikati yetu.

Alinisalimia, akavua kofia, mvua ikimpiga kichwani.

"Mutoto wangu," akasema, "leo sikukuya kuuza maharagi. Nilikuya kuomba mama yako. Mimi niko muzee, ye pia iko peke yake. Tusaidiane."

Kisha akaninyooshea kamba ya mbuzi.

Wewe umekulia mjini, acha nikueleze. Kwetu posa huja na mbuzi, na mbuzi hupokewa na baba wa binti, au kaka zake. Lakini baba yake mama alikuwa kaburini, na kaka zake wote walikuwa wamemfuata. Mzee wa watu alikuwa amelifikiria jambo hilo njia nzima, akaona mwanamume aliyebaki ni mimi, Baluku, mzaliwa wa kwanza. Hakutaka kuingia kwa mama kimyakimya kama mwizi. Leo namheshimu sana kwa hilo. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke. Mimi nipokee mbuzi wa posa ya mama yangu mzazi? Watu wa Bwera wangenicheka mpaka nizeeke. Na nyama yake nikishaila, huyu nimwite baba au shemeji?

Nikaificha mikono yangu nyuma. Yeye akabaki amenyoosha kamba, mimi nimesimama, mvua inatunyeshea sote wawili, na beberu anakula matembele ya mama bila wasiwasi.

Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo. Alituangalia kwa zamu.

"Baluku, kwa nini unaachia mgeni mvua?"

Nikamwambia mgeni amekuja kumposa, na mambo hayo si ya umri wake, na kwamba chumba cha Hima kiko tayari. Hakupandisha sauti. Mama hakuwa mtu wa kelele, hata siku tulipomzika baba.

"Mwana wangu, wewe unaniona Jumapili. Jumatatu nani ananiona? Usiku nikikohoa, ni mbuzi tu ndiyo inaniitikia. Chakula iko. Nyumba iko. Mimi sitafuti mtu wa kunilisha. Natafuta mtu wa kuniambia pole nikijikwaa."

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na mimi ile nyumba nilikuwa nimeacha kulala ndani yake miaka mingi. 

Hapo ndipo akafanya jambo ambalo sijaona mwanamke mwingine akilifanya. Alikwenda zizini, akamtoa mbuzi jike aliyempenda kuliko wote, mwenye baka jeupe usoni na mimba tumboni. Akachukua ile kamba ya beberu mkononi mwa mzee, akamkabidhi kamba ya jike wake.

"Zamani baba yangu alipokea mbuzi juu yangu, mimi sikuulizwa," akasema. "Leo mimi ndiyo napokea, na mimi natoa yangu. Hakuna mtu amenunua mwenzake."

Mzee Kambale aliitazama kamba, akatazama chini kule Mpondwe.

"Sasa, mama, huyu mbuzi nitamupeleka wapi? Mimi niko na chumba moja tu."

"Basi ifunge hapa na mwenzake," mama akasema, akarudi jikoni kugeuza ugali wake.

Niliwafunga mimi mwenyewe, wote wawili, kwenye mti mmoja. Kisha nikazifungua sufuria.

Padri aliwabariki baada ya mavuno ya kahawa. Waliishi hapa miaka mingi, mwanangu, na niliwaonea wivu hata mimi niliyekuwa na mke kijana. Mzee alimenya maharagwe, mama akachambua kahawa, wakibishana nani kati yao ameanza kuwa kiziwi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama alipotangulia, mzee hakufukuzwa na mtu. Nilirudi hapa nikamtunza, na nilipomzika pale karibu na migomba, nilimlilia kama baba.

Sasa yule mbuzi mweusi. Ametoka Kikorongo, kwa Mama Thembo, mjane anayeuza samaki pale njia panda. Wangu, yule wa kahawia uliyemkosa zizini ukanyamaza, alikwenda kwake juma lililopita. Na mimi, tangu mama yako atuache, nimekohoa na kuitikiwa na mbuzi vya kutosha.

Nasaha yangu ndiyo hii. Ukimpenda mzee wako, usimpangie chumba kabla hujamwuliza moyo wake. Usimcheke akitafuta mwenzi jioni ya maisha yake, wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Na ukiletewa kamba, mwanangu, usifiche mikono nyuma.

Mungu akulipe kwa gari ulilolileta na kwa wema uliokuleta. Akuzeeshe taratibu, na siku utakapojikwaa, awepo karibu mtu wa kukuambia pole. Haya, nenda kamfungue yule mweusi, umfunge zizini na wenzake.